Tabaka la Pili la Utepe

Leona Pasek alikuwa na mikono ya kiwandani. Kwa miaka kumi na miwili alipanga glasi kwenye maboksi katika kiwanda cha vioo cha mashariki mwa mto, pale Toledo, glasi ishirini na nne kila boksi, na hata baada ya kuiacha kazi hiyo aliendelea kukishika kila kitu kana kwamba kingepasuka: yai, mkono wa simu, bega la mtu. Mwaka 1969 kituo cha redio kilipotafuta mtu wa kutunza santuri, bosi wa wakati huo alimtazama akiitoa santuri moja jaladani kwa ncha za vidole, bila kugusa mifereji yake, akasema, "Basi, ni huyu," na usaili ukaishia hapo.

Hakujua lolote kuhusu roki, muziki uliopigwa na kituo kile. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na mmoja, mtu wa misa ya saa mbili asubuhi, na muziki aliouzoea ni ule wa kodiani harusini. Lakini kazi haikumtaka aupende muziki, ilimtaka ajue ulipo. Zilikuwapo santuri elfu sita na ushei, na ungemwamsha usingizini akakutajia rafu. Baadaye akaongezewa kazi ya kunakili. Kila wimbo uliochaguliwa kwenda hewani aliuhamisha kutoka kwenye santuri hadi kwenye kaseti ya studio, kaseti nene kama kipande cha mkate, ili mtangazaji asihangaike na sindano. Aliupima urefu wake kwa saa ya kubonyeza, akauandika kwa kalamu kwenye lebo, akaipanga kaseti rafuni. Kwa hiyo kila wimbo ambao mji wetu uliusikia katika kituo kile ulikuwa umepitia kwanza mikononi mwa Leona, na mji haukujua.

Nyumbani aliishi na Bernie. Jina la ubatizo ni Bernadette, mtoto wa Jadzia, mdogo wake Leona, aliyefariki majira ya baridi ya mwaka 1966 kwa ugonjwa wa figo. Bernie alikuwa na miaka kumi na mmoja. Jadzia naye alikuwa wa kiwandani, na aliimba: kanisani, kwenye foleni ya mishahara, popote. Sauti yake ilikuwa nzito, ikianzia chini kabisa ya kifua, na haikuwa na haraka ya kufika. Hakuna aliyewahi kuirekodi. Nani angefikiria? Mtaani kwetu mtu alipigwa picha siku ya ubatizo na siku ya harusi, na sauti alikwenda nayo kaburini.

Kisha jioni moja Bernie, akiwa na miaka kumi na minne, alikuwa anaosha vyombo huku akiimba, na Leona aliyekuwa anafuta sahani ikabidi avute kiti akae. Ilikuwa ile ile. Haikufanana nayo tu. Ilikuwa ile ile, yenyewe, imetoka kwa mtoto mwembamba mwenye povu hadi viwikoni. Tangu siku hiyo Leona aliacha kuitazama picha ya mdogo wake. Hakuwa na haja nayo tena.

Bernie alikua akaunda bendi na vijana wanne wa mtaani. Waliiita Zamu ya Tatu, kwa kuwa baba zao wote walikuwa wa zamu ya usiku viwandani. Walipiga miaka sita kwenye baa na kumbi za harusi, hadi kampuni moja ya New York ikawapa mkataba, na Januari ya mwaka 1978 santuri yao ya kwanza ikatoka.

Mwaka ule redio zetu zilikuwa na barabara moja pana na vichochoro pembeni. Kichochoro kimoja kilikwenda kwenye kumbi za dansi zenye taa za rangi. Kingine kwa vijana wa London waliojitoboa mashavu kwa pini. Katikati ndipo palipokuwa na barabara: magitaa yaliyorundikwa moja juu ya jingine kama rangi ya ukutani, kinanda kinachoanza taratibu, halafu kiitikio ambacho gari zima linaweza kukiimba. Ni muziki wa watu wenye mwendo wa dakika ishirini kwenda kazini. Santuri ya Zamu ya Tatu ilikaa katikati kabisa ya barabara hiyo. Mchambuzi mmoja wa gazeti aliandika kwamba alikuwa ameisikia mara kumi kabla haijatengenezwa. Kwa magitaa, alisema kweli. Lakini mwaka ule kila mwimbaji alipanda juu, wanaume kwa wanawake, na Bernie aliimba chini.

Hilo ndilo lililomkera Dwight Farlow, mkuu wa vipindi. Studioni kulikuwa na sanduku la kadi. Wimbo wenye kadi nyekundu ulipigwa kila baada ya saa nne. Wa kadi ya njano, mara mbili kwa siku. Wa kadi ya samawati, nafasi ikipatikana. Mtangazaji alichukua kadi ya mbele, akaupiga wimbo, akairudisha kadi nyuma, wala hakuruhusiwa kuruka hata moja. Kupewa samawati ni kama kulazwa chumba cha wageni: hufukuzwi, lakini hakuna anayekuulizia. Na mtu wa kampuni alikuwa ameshawaambia akina Bernie waziwazi: "Redio ya kwenu isipowapandisha, za wengine ziwapandishe kwa lipi?"

Dwight aliisikiliza ile santuri ofisini kwake, miguu mezani. Kisha akamletea Leona kadi za samawati.

"Usinitazame hivyo, Leona."

"Sijakutazama."

"Sauti nzito ile. Mtu yuko garini saa moja asubuhi, hataki kukumbushwa makaburi."

"Kahawa nayo ni nzito, Dwight, na asubuhi hiyo hiyo mnaigombania."

Dwight akacheka. Alikuwa mtu mwenye kucheka kwa urahisi, na kubadili mawazo kwa shida. "Wewe ni mama mtu. Huhesabiwi."

Sasa, chumbani kwa Leona pale kituoni kulikuwa na siri ndogo ambayo kwa kuwa ilikuwapo kila siku hakuna aliyeiona kuwa siri. Kwenye mhimili wa mota iliyozungusha santuri, fundi wa kituo, mzee Orville, alikuwa amezungushia kipande cha utepe. Mhimili ukinenepa kidogo, sahani inayobeba santuri huzunguka kwa kasi zaidi kidogo, na wimbo huingia kwenye kaseti ukiwa mwepesi, umechangamka. Msikilizaji akihamia kituo cha wapinzani akaukuta wimbo ule ule, utaonekana kwake kama mkate wa jana, naye atarudi kwetu bila kujua kilichomrudisha. Dwight ndiye aliyeagiza. Haikuandikwa popote. Vituo vingine vilifanya hivyo pia, au ndivyo alivyodai.

Krismasi ile Orville alistaafu akahamia Florida kuvua samaki. Wiki ya kuja kwa santuri ya Bernie, Leona akaona sahani inayumba: utepe ulikuwa umechakaa, umeanza kunyanyuka ukingoni. Fundi mpya alikuwa hajapatikana. Leona akafanya alichokifanya maisha yake yote kwa magoti ya suruali. Alitia kiraka juu ya kiraka. Akakata utepe mpya, akauzungushia juu ya ule wa zamani, akaukandamiza kwa ukucha hadi ukalala vizuri. Alitaka wimbo wa mtoto wake upite bila kukwaruza. Kisha akaiweka santuri ya Zamu ya Tatu, akanakili "Taa za Ng'ambo," akapima, akaandika.

Siku ya pili Dwight alikuja mlangoni na kaseti mkononi.

"Hii ndiyo ile ile ya juzi?"

"Ile ile."

"Mbona sikuisikia hivi?"

"Juzi ulikuwa na mafua."

Akaondoka anaguna. Wiki ile akaipa kadi ya njano. Simu zikaanza kuingia, wasichana wa shule, madereva wa malori, mwanamke mmoja wa benki aliyepiga kila siku saa sita. Katikati ya Februari ikawa nyekundu. Kufikia Mei nyimbo nne za santuri moja, santuri ya kwanza ya watu ambao hakuna aliyewajua, zilikuwa kwenye kadi nyekundu kwa pamoja, jambo lisilowahi kutokea pale kituoni. Vijana walipita na magari madirisha wazi, na sauti ya Bernie ikatoka humo ikiwaka kama bati jipya. Leona aliwaza tu kwamba hatimaye watu wamepata masikio.

Bernie mwenyewe hakuwapo. Tangu Februari walikuwa njiani na gari lao bovu, Indiana, Michigan, kumbi ndogo ndogo. Jumapili alipiga simu.

"Huku wanatupigia makofi ya adabu, mamkubwa. Kama vile tumesoma somo kanisani."

"Huku wewe ni malkia. Bi Hegedus wa jirani ameninyang'anya picha yako ya kipaimara, ameibandika kwenye friji."

"Ile yenye pengo?"

"Hiyo hiyo."

Bernie alicheka kile kicheko chake cha chini. Leona akaketi na simu sikioni hata baada ya kukatika.

Julai kituo kiliandaa onyesho la kuwakaribisha nyumbani, bustanini kando ya mto, Jumapili saa nane mchana, bila kiingilio. Mtu wa kampuni alikuja kwa ndege. Vuli ile kundi moja kubwa lingezunguka nchi nzima na lilihitaji bendi ya kulitangulia. Zamu ya Tatu walikuwa mojawapo ya majina mawili, na alitaka kuona kwa macho yake watu wa Toledo wanavyowapenda. Walikuja watu kama elfu nane. Soseji zilikwisha kabla ya saa saba. Leona alisimama mbele, viatu vya kanisani, pembeni yake Bi Hegedus jirani yake, aliyebeba kiti cha kukunja ambacho hakukikalia.

Kinanda kikaanza, na bustani nzima ikapiga ukelele. Kisha Bernie akafungua kinywa.

Kitu kilichotokea hapo Leona alishindwa kukieleza kwa miaka mingi. Watu elfu nane walianza kuimba naye, na wote kwa pamoja wakamtangulia. Walifika mwisho wa mstari yeye akiwa bado katikati. Wakasimama wakamngoja, wengine wakicheka. Wakaanza tena mstari wa pili, wakamwacha tena. Na walikuwa wakiimba juu yake, ngazi nzima juu, hivyo ikawa kama watu wanaovutana kamba. Teddy wa ngoma alisikia akachanganyikiwa, akaongeza mwendo, akapunguza, akapotea.

"Amkeni nyie!" mtu akapiga kelele.

"Teddy! Mchana umekula nini, gundi?"

"Ana homa nini mtoto?" Bi Hegedus alimuuliza Leona sikioni.

"Labda," Leona akajibu. Maana naye alikuwa amewaza hivyo hivyo. Amechoka, aliwaza. Barabara imemmaliza. Sauti imezama.

Wimbo wa pili ukawa mbaya kuliko wa kwanza. Kikombe cha kwanza cha bia kilirushwa kwenye wa tatu, kikaanguka kando ya waya. Bernie alikiangalia kama mtu anayeangalia kitu kilichodondoka kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Akaendelea kuimba. Hapo ndipo kijana mmoja mwenye shati la kazi alipoweka viganja mdomoni akapaza sauti, na watu waliomzunguka wakaangua kicheko:

"Tunamtaka Bernie! Nani kamleta mama yake?"

Leona alihisi kama amemwagiwa ndoo ya maji ya mto. Akasikiliza. Akasikiliza kwa mara ya kwanza tangu Januari. Pale jukwaani, juani, polepole, Jadzia alikuwa anaimba. Hakukosea hata pumzi. Hakukuwa na homa, hakukuwa na uchovu. Huyu ndiye mtoto aliyeimba na povu viwikoni. Basi yule mwingine, yule aliyemsikia mara sita kwa siku kwa miezi mitano, akimtabasamia, alikuwa nani?

Walipiga nyimbo nne, wakashuka. Mtu wa kampuni alikuwa anatazama ncha za viatu vyake. Nyuma ya jukwaa Bernie alimshika Leona mikono yote miwili.

"Mamkubwa, nimeimba vibaya?"

"Hapana."

"Niambie ukweli. Wewe hunidanganyi."

"Hujaimba vibaya."

"Basi wamenizomea nini? Hapa ni nyumbani."

Leona akamfuta bia begani kwa leso, akageuka, akatembea kwa miguu mpaka kituoni, mitaa kumi na nne.

Mlinzi alimfungulia. Chumbani mwake alitoa kaseti ya "Taa za Ng'ambo" rafuni. Lebo ilisema dakika tatu na sekunde hamsini na saba, kwa mwandiko wake mwenyewe, mwandiko mzuri aliofundishwa na masista. Akatoa santuri. Jalada lilisema dakika nne na sekunde kumi na mbili. Sekunde kumi na tano. Hakuwahi kulinganisha, kwa kuwa kwa miaka yote namba hizo mbili hazikuwa zikikubaliana. Sekunde saba, nane, ndivyo ilivyokuwa kawaida, ndiyo kazi ya utepe wa Orville. Mtu huacha kutazama kisichokubaliana kila siku.

Akaichomoa mota ukutani. Akabandua utepe kwa ukucha. Ukatoka. Chini yake, mweusi, uliokauka, kulikuwa na mwingine.

Leona alikaa sakafuni, gauni la kanisani na yote, na vile vipande viwili vya utepe vimemnata vidoleni. Hakulia. Alikuwa anashangaa tu. Aliwaza: nimemlea miaka kumi na miwili. Ninamjua kwa kikohozi, kwa hatua za ngazi. Nimempoteza masikioni mwangu mwenyewe, nikapiga makofi.

Jumatatu alimweleza Dwight. Dwight alipiga mluzi.

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Ndiyo maana mimi tangu Februari nasema kituo kina damu mpya!" Kisha akaona uso wa Leona, akashusha miguu mezani. "Samahani."

"Nimenakili upya. Kasi ya santuri, bila utepe wowote. Naomba ipigwe hii."

Tumpe haki yake, Dwight alikubali. Saa nne na dakika kumi asubuhi "Taa za Ng'ambo" ikaenda hewani kama ilivyotengenezwa. Kabla kiitikio hakijafika, taa zote sita za simu zilikuwa zinawaka. Leona alipokea mbili mwenyewe.

"Mmeiharibu kwa nini?" aliuliza yule mwanamke wa benki, karibu kulia. "Ni kwa sababu ya jana? Mnamwadhibu?"

"Hii ndiyo sauti yake, mama."

"Bibi wee, mimi simjui Bernie? Namsikia kila siku!"

Wa pili alisema mashine yetu imelewa, akakata.

Saa sita Dwight alikuja mlangoni. Hakuwa anacheka. "Leona. Nirudishie ile."

"Ile si yeye."

"Ile ndiyo wanayoijua. Nikiendelea na hii, Ijumaa itakuwa samawati, na wiki ijayo haipo. Unataka nifanye hivyo? Wewe sema, nami nitafanya."

Alikuwa hamtishi, na hilo lilizidisha uchungu. Leona akamkabidhi kaseti ya zamani, kwa ncha za vidole.

Jumanne Bernie alikuja kituoni, macho yamevimba. Kampuni ilikuwa imewapa nafasi moja tu: Septemba, Cleveland, ukumbini, mbele ya viongozi wa lile kundi kubwa; wakiharibu, mkataba umekwisha. Na kwa kuanzia walitakiwa wamfukuze Teddy, kwa kuwa wote walikubaliana kwamba tatizo ni ngoma.

"Si Teddy," Leona alisema. "Kaa. Ni mimi."

Akamweleza yote, utepe, kiraka, sekunde kumi na tano. Akampigia santuri kwanza, kisha kaseti. Chumba kilikuwa kidogo, magoti yao yaligusana. Bernie alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mara ngapi kwa siku?" akauliza mwishowe.

"Sita."

"Tangu Februari."

"Ndiyo."

"Na wewe unasikiliza."

"Nasikiliza."

"Na hukujua si mimi."

Bernie akarudisha kaseti mwanzo, akaisikiliza tena, peke yake kana kwamba Leona hayupo. Usoni mwake hapakuwa na hasira. Pangekuwa na hasira Leona angejua la kufanya.

"Anapendeza huyu," Bernie akasema. "Sikiliza alivyo mwepesi. Huyu hajawahi kufiwa na mtu."

"Bernie, nisamehe."

"Usiniombe msamaha, mamkubwa. Ninakilie."

"Nini?"

"Hiyo. Nyimbo zote nne. Wavulana wajifunze mwendo, nami nijifunze... kupanda huko juu. Tuna wiki saba."

"Hiyo ni mashine imekosea. Siyo sauti ya mtu."

"Watu elfu nane wanaijua kwa moyo." Akasimama akavaa koti. "Mimi nimeimba kwa sauti yangu, kwetu, wakanirushia bia. Nifanye nini tena na sauti yangu? Nikae nayo jikoni?"

Leona alitaka kusema ndiyo. Alitaka kusema, hiyo si yako peke yako, kuna mtu mwingine ndani yake na sina pengine pa kumsikia. Lakini huwezi kumwambia mtu wa miaka ishirini na mitatu kwamba koo lake ni kaburi la mtu. Alichukua mkanda mtupu, akanakili. Alipima. Akaandika namba kwenye lebo, zile zile za uongo, kwa mwandiko mzuri.

Onyesho la Cleveland lilirushwa moja kwa moja hewani. Leona alisikiliza jikoni na Bi Hegedus. Bendi iliingia kwa kasi, Teddy kama cherehani, na juu yake Bernie, ngazi nzima juu ya alipozaliwa, anawaka kama bati jipya. Hakuteleza hata mara moja. Ukumbi mzima, nusu yake watu waliosafiri kutoka Toledo, uliimba naye, mstari kwa mstari, wakamaliza pamoja.

"Unaona?" Bi Hegedus alipiga meza. "Huyo ndiye Bernie wetu! Nilikwambia ile siku alikuwa na homa."

"Ulisema," Leona akajibu, akaondoa vikombe.

Walizunguka nchi nzima vuli ile na baridi yake. Jumapili Bernie alipiga simu, sauti imekwaruza, akasema anakunywa chai ya asali, yuko salama, watu ni wengi. Santuri ya kwanza ikaendelea kuuzwa. Ukiisikia leo popote duniani utaisikia jinsi ilivyotengenezwa, nzito, na wanaoipenda wanashangaa kwa nini wazee wa Toledo husema si hiyo.

Leona aliendelea kutunza santuri hadi mwaka 1986, ngazi zilipomshinda. Fundi mpya alirudisha tabaka moja la utepe, Dwight alipoagiza, na Leona hakuligusa tena.

Santuri ya pili ya Zamu ya Tatu ilifika Oktoba ya mwaka 1979, ndani ya jalada jeupe la kituo, na kadi nyekundu ikiwa imeshaandikwa kabla mtu hajaisikiliza. Leona alifunga mlango. Akaiweka, akashusha sindano. Alikuwa yule mwingine, mwanzo hadi mwisho, safari hii bila tabaka la pili kumsaidia: mwepesi, wa juu, hana haraka ya kukumbuka chochote. Leona akasikiliza wimbo mmoja wote amesimama. Kisha akarudisha sindano mwanzo, akanyoosha mkono, akaweka ncha ya kidole ukingoni mwa sahani, pasipo na mifereji, akakandamiza kidogo kama mtu anayepima joto la mtoto.

Sahani ikalegea. Magitaa yakashuka. Na sauti nayo ikaanza kuteremka, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba anayoijua, hadi ikafika chini kifuani.

Alikaa nayo mistari miwili. Kidole kikapata moto, akakinyanyua, na yule msichana akaruka juu akaenda zake.

Leona akashika saa ya kubonyeza, akarudisha sindano mwanzo, akapima. Dakika tatu na sekunde arobaini. Akaandika.